Shift_JIS na UTF-8: Wajapani hawakuwa wakaidi

Ukimuuliza mtengenezaji wa programu leo ahifadhi maandishi ya Kijapani kwa usimbo gani (yaani njia ya kugeuza herufi kuwa baiti za kompyuta), atakujibu UTF-8, usimbo wa Yunikodi, orodha moja ya herufi za lugha za dunia, kabla hujamaliza swali. Jibu ni sahihi. Kinachonikera ni dhana kwamba Wajapani walioshikilia Shift_JIS, usimbo wa zamani wa Kijapani, miaka yote ile walikuwa wakaidi tu.

Hoja yao ya ukubwa ni nyepesi siku hizi. Kanji (herufi yenye asili ya Kichina) iliyochukua baiti 2 kwenye Shift_JIS huchukua 3 kwenye UTF-8, hiragana (herufi za silabi) vilevile. Enzi za disketi hilo liliuma. Leo faili hubanwa na maisha yanaendelea.

Hoja ya kugeuza faili kwenda Yunikodi na kuirudisha ndiyo yenye uzito. Chukua alama ya wimbi, 〜, ambayo Wajapani huiandika kila siku. Kwenye Shift_JIS ni baiti 81 60. Kiwango cha JIS, yaani cha Japani, huipeleka kwenye namba ya Yunikodi U+301C, Microsoft huipeleka U+FF5E. Geuza faili kwa programu moja, irudishe kwa nyingine, na alama inaweza kurudi ikiwa alama ya kuuliza. Kuna na suala la kanji kuunganishwa: 直 ina namba moja tu Yunikodi, ingawa Mchina na Mjapani huiandika kwa sura tofauti. Baiti hazisemi uchore ipi; ni lazima lugha itajwe pembeni. UTF-8 haijaondoa tatizo hilo.

Ndiyo maana namheshimu Yukihiro Matsumoto, aliyebuni lugha ya programu ya Ruby. Hakulazimisha kila kitu kipitie Yunikodi: tangu Ruby 1.9, kila tungo ya herufi hubeba usimbo wake. Gharama ipo, kwani ukiunganisha kanji za Shift_JIS na za UTF-8 programu hugoma. Bora igome kuliko iharibu kimyakimya. Hata hivyo Ruby 2.0, mwaka 2013, ilifanya UTF-8 kuwa usimbo wa kawaida wa faili za msimbo.

Shift_JIS nayo ina mtego wake. Baiti ya pili ya 表 ni 5C, ileile ya mkwaju wa nyuma (\), alama ambayo programu nyingi huipa kazi maalumu, kwa hiyo programu isiyojua Kijapani huikata herufi katikati. UTF-8, waliyoibuni Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, hairuhusu mgongano huo. Tena Shift_JIS haina Kiarabu wala Kikorea. (Anayedhani haya ni ya Wajapani peke yao aandike ng'ombe kwa ritifaa iliyopinda, ahifadhi kwa UTF-8, kisha aisome kwa Windows-1252, usimbo wa zamani wa lugha za Ulaya Magharibi: atapata ngâ€™ombe.)

Kwa mfumo mpya, basi, sioni mjadala: UTF-8. Kwenye hifadhidata ya MySQL chagua utf8mb4, maana utf8 ya zamani hukomea baiti 3, na mteja ambaye jina lake huandikwa kwa 𠮷 anahitaji 4. Kwa kumbukumbu za zamani msimamo wangu ni mwingine: geuza nakala, andika ni jedwali lipi la ubadilishaji lililotumika, na faili asilia ya Shift_JIS usiifute.