Ali alipotumwa Dar

Juzi kazini, muda wa mapumziko, kijana mmoja kakaa mbele ya televisheni kavaa fulana yenye picha ya Muhammad Ali. Wanajadili wachezaji na siasa. Huku anatafuna karanga anasema: hawa wacheze mpira tu, siasa wawaachie wenyewe. Nikaitazama ile fulana. Nikamtazama yeye.

Hapa ni Louisville, Marekani, ndugu zangu. Mji aliozaliwa Ali, hata uwanja wa ndege una jina lake. Ndiye huyohuyo waliyemvua ubingwa mwaka 1967 kwa kukataa kwenda vitani Vietnam, akakaa zaidi ya miaka 3 bila kupanda ulingoni. Kaepernick, mchezaji wa mpira wa Kimarekani, naye alipiga goti wimbo wa taifa ukipigwa mwaka 2016, kupinga ubaguzi wa rangi. Msimu ulipoisha, hakuna timu iliyomtaka tena. Subirini, akizeeka watampa barabara.

Lakini walisema kwa vinywa vyao na gharama wakalipa wenyewe. Ndiyo maana nikifungua simu nikawaona mastaa wetu napandwa na hasira. Siwataji, mnawajua. Kampeni zikianza koo zinafunguka: fulana ya rangi, jukwaa, malipo taslimu. Yakitokea yale mengine, ghafla kila mtu yuko studio anamalizia albamu. Ukichungulia kurasa zao, unakuta picha za viatu vipya.

Najua mtakachosema: "Huyu kanywa maji ya mto Ohio, anatudharau." Jamani, napakia maboksi usiku kucha, kiburi nitakitoa wapi? Tena kwa siasa za michezo Wamarekani hawa hawana cha kutufundisha Watanzania. Mwaka 1976 tuligomea Olimpiki ya Montreal pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa kuwa timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza kwa makaburu. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974 huku John Walker akimfuata nyuma, akabaki nyumbani. Dhahabu akachukua nani? Walker. Tumegoma kwa ajili ya New Zealand, dhahabu imekwenda New Zealand!

Mwaka 1980 Rais Carter wa Marekani akamtuma Ali aje Dar kutushawishi tususie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu akakataa kumwona. Waandishi wakamuuliza mbona Marekani haikutuunga mkono kwenye mgomo wetu. Ikaonekana waliomtuma hawakumweleza habari hiyo. Tukaenda Moscow, Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali mbili za fedha, na mpaka leo hatujapata medali nyingine ya Olimpiki. Nilimsimulia kijana yote haya. Akaniuliza Dar iko nchi gani.

Ila usiku, kwenye mkanda wa maboksi, likanijia swali: Bayi aliulizwa? Msimamo ulikuwa wa nchi, na nauunga mkono hadi kesho, lakini miguu ilikuwa yake. Huenda ndipo tulipozoea kwamba msimamo unatoka juu, mchezaji na msanii kazi yao kupokea. Basi nawaonea mastaa? Kidogo. Wale wa malipo taslimu, hapana.

Nilimtumia shemeji rasimu hii. Akanijibu: "Wewe mwenye mdomo, weka jina lako kamili tukuone."

Sijaweka. Mama yuko Tandika, na Desemba nimekata tiketi.