Bei ya AC haiko kwenye boksi

Joto la Dar likianza kukaza mwezi wa Novemba, AC za BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) zinapangwa hadi nje ya maduka na karatasi imebandikwa juu yake: ufungaji bure. Mimi nasema hilo neno "bure" ndilo linalomla mteja kuliko bei ya mashine. Kwenye mashine bishana mpaka muuzaji achoke. Kwenye ufungaji, lipa. Spliti, yaani AC yenye boksi la ndani na la nje, ikitoka kiwandani ni nusu ya AC. Nusu ya pili, yaani mabomba, viungio, waya na njia ya maji, inatengenezwa ukutani kwako na fundi, kwa mkono, kwa saa tatu hivi.

Lakini kabla ya fundi, kiangalie chumba. Kwa Pwani yetu hesabu ya haraka ni BTU 700 hadi 800 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 3.5 kwa 4 kina mita za mraba 14, kwa hiyo 12,000 inatosha na chenji inabaki. Hiyo ni kama kuna dari na ukuta hauli jua la jioni. Kama juu ni bati tupu, acha AC kwanza, kanunue siling'i bodi. Na madirisha je? Nyumba nyingi za zamani zina nyavu na nondo bila kioo, au vioo vya luva visivyofunga vizuri, na juu ya dirisha kuna tofali za matundu ya hewa. Kufunga AC humo ni kupooza mtaa mzima. Pesa ya fundi alumini, plasta ya kuziba matundu na raba ya chini ya mlango ni sehemu ya bei ya AC, hata kama haimo kwenye risiti yake.

Wengine wanaona dawa ni kuchukua 18,000 kabisa, ili kipoe haraka. Kinapoa kweli, ila mashine ya kawaida inafika nyuzi 24 upesi mno na kompresa, pampu inayozungusha gesi, inazima kabla haijakausha hewa. Unabaki na baridi yenye majimaji: shuka zimepoa kama zimeanuliwa mapema, na mikoba kabatini inaota ukungu.

Sasa turudi kwenye ile bure. Kwa kawaida maana yake ni mabomba yaliyomo ndani ya boksi, mita 3 hivi, na tundu moja ukutani. Ukihitaji mita 5 unalipia zilizozidi, na ukibana pesa fundi anaunga kipande. Kataa kiungio ndani ya ukuta, maana kikivuja utabomoa plasta kukitafuta. Angalia pia rangi ya bomba palipokatwa. Mashine za bei ya chini huja na mabomba ya alumini, na pale alumini inapokutana na shaba kwenye hewa ya chumvi, kutu haichelewi. Nunua shaba ya robo inchi na 3/8 kwa 9,000 na 12,000, unene wa ukuta wa bomba usipungue milimita 0.8, na kila bomba livae sponji yake peke yake, siyo mawili ndani ya sponji moja.

Kabla fundi hajapanda ngazi, mwombe afungue begi lake. Humo unatafuta kikata bomba cha gurudumu, kifaa cha fleya (cha kupanua mdomo wa bomba), geji za presha na pampu ya vakyumu (ya kunyonya hewa). Akitoa msumeno wa chuma badala ya kikata bomba, simamisha kazi, kwa sababu chenga za shaba zinazodondoka ndani ya bomba zitaishia kwenye kompresa. Mdomo wa bomba unapanuliwa kama tarumbeta ndogo, kisha unakazwa kwa nati (nati inatangulia kuvishwa kabla ya kupanua, hata mafundi wa miaka mingi wanasahau, wanakata na kuanza upya). Nati ya robo inchi inataka nguvu ya Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) 14 hadi 18, ya 3/8 inataka 34 hadi 42. Anayekaza mpaka mshipa wa shingo utoke anapasua ule mdomo. Ufa ni mwembamba kama unywele, gesi inatoka kidogo kidogo, na baada ya miezi michache unaambiwa "gesi imeisha".

Gesi haiishi. Siyo petroli; inazunguka humo humo miaka yote. Anayekuambia AC nzima huongezwa gesi kila mwaka anakuuzia uvujaji ule ule mara ya pili.

Pampu ya vakyumu ndiyo inayonitofautishia fundi na mpita njia. Mabomba yakishaungwa yana hewa ya Dar ndani yake, na hewa ya Dar ni maji. Njia ya mkato ni kuacha nati moja imelegea, kufungua valvu ya boksi la nje kidogo, gesi ikasukuma hewa itoke kwa sekunde kumi, kisha kukaza. Njia halali ni kuendesha pampu dakika 20 hadi 30, kufunga geji, kusubiri dakika 10 na kuona mshale haujasogea, ndipo valvu zifunguliwe. Oili inayotumika na gesi za R410A na R32 inanyonya unyevu kwa pupa. Oili, maji na joto vikikutana vinazaa asidi, na asidi inakula varnishi ya waya za mota ndani ya kompresa. Hewa iliyobaki nayo haigeuki kimiminika, hivyo presha inapanda na umeme unaoliwa unapanda nayo. Siku ya kwanza hakuna atakayeona kitu: chumba kitapoa, fundi atalipwa, mtaagana vizuri. Isitoshe, R32 inashika moto, haifai kupulizwa ovyo karibu na cheche.

Umeme nitaupitia haraka. AC inataka laini yake kutoka kwenye bodi ya breka: waya wa milimita za mraba 2.5 kwa 12,000, breka ya ampea 16 au 20, na ethi ya kweli (waya unaoshuka ardhini). Ukiichomeka kwenye soketi inayogawana laini na pasi na jagi la umeme, ipo siku plagi itayeyuka. Kwa mashine ya inveta, ile inayobadili mwendo wa kompresa, usiache kifaa cha kuilinda na umeme unaopanda na kushuka, maana kadi yake ikiungua bei yake inakaribia kukushawishi ununue mashine mpya.

Boksi la nje lisibanwe. Nyuma liachiwe sentimita 15, mbele pawe wazi. Tunaziweka kwenye vizimba vya nondo kwa hofu ya wezi, sawa, lakini anayeongeza shiti ya bati mbele ya feni anairudishia mashine joto lake. Walio karibu na bahari, Kigamboni, Kunduchi, Forodhani au Nyali, walisuuze kwa maji baridi yasiyo na presha kila mwezi, na breketi ziwe za mabati yaliyochovywa zinki, siyo chuma kilichopakwa rangi.

Halafu LUKU, umeme wa kulipia kabla, ambako watu wengi hawapigi hesabu mpaka mwisho. AC ya 12,000 isiyo ya inveta inakula kama kilowati 1.1. Usiku wa saa 8, kompresa ikifanya kazi theluthi mbili ya muda, ni uniti 6 kasoro kidogo. Kwa mwezi ni kama 176. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, nyumba iliyo kwenye D1, kundi la watumiaji wadogo, inanunua uniti kwa Sh 100, ambayo pamoja na VAT na tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati) inafika 122, mradi isizidi uniti 75 kwa mwezi. Ukizidi mara kwa mara unahamishiwa T1, kundi la matumizi ya kawaida, Sh 292, ambayo pamoja na makato ni karibu 356. Tuseme ulikuwa unatumia uniti 70, kama Sh 8,500. Sasa, ukiwa T1, ni uniti 246, karibu Sh 88,000. AC yenyewe imekula 63,000. Zile 16,000 na ushee zilizoongezeka juu ya 8,500 za awali ni friji yako, taa na TV, vile vile vya jana, ambavyo vimepandishwa bei kwa sababu ya mgeni mmoja ukutani. Kwa hiyo aliye D1 na anayelala na AC kila usiku, inveta itamlipa. Inashusha mwendo badala ya kuzima na kuwaka, na nyuzi 26 pamoja na feni ya kawaida zinaishusha zaidi. Anayewasha saa mbili Jumapili wageni wakija, asihangaike na inveta.

Mwisho ni maji. Mashine ya 12,000 kwenye unyevu wa Machi inaweza kutoa zaidi ya lita moja kwa saa, na bomba la maji likikosa mteremko yanarudi ukutani au kitandani. Sentimita moja kwa kila mita inatosha, bila tumbo katikati na bila ncha kuzama kwenye ndoo. Kabla fundi hajarudisha kava la ndani, mpe chupa ya maji ya lita moja na nusu amimine taratibu kwenye trei. Wewe toka nje, simama chini ya bomba uhesabu. Yakichelewa kufika, ngazi isikunjwe bado.