Gavana ana pa kwenda?

Gavana mpya wa Benki Kuu akiteuliwa, wasifu wake unazunguka WhatsApp kabla hajala kiapo. Shahada ya kwanza kaipata wapi, uzamivu wapi, Washington kakaa miaka mingapi. Nasi tunaitikia: huyu kabobea. Mimi siku hizi nautafuta mstari ambao huwa haumo. Akitofautiana na aliyemteua, kesho yake huyu bwana ataamkia wapi?

Nyumbani tunayo noti ya shilingi ishirini ya toleo la kwanza, 1966. Marehemu babu aliificha ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani, na kwa kukunjwa miaka yote hiyo, imeanza kuachia katikati. Ina saini mbili, ya waziri wa fedha na ya gavana. Gavana ni Edwin Mtei, mtoto wa Marangu aliyesoma Makerere. Benki Kuu ilipofunguliwa Juni mwaka huo alikuwa na miaka 33. Leo mwenye umri huo tunamwambia asubiri wakubwa wazungumze kwanza.

Mwaka 1974 alitoka hapo akawa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mpaka ikamvunjikia mikononi mwaka 1977, kisha akapewa Wizara ya Fedha. Kisa chenyewe kiko hapo. Kufikia 1979 hazina ilikuwa imekauka: kuna gharama za vita vya Kagera, kuna mafuta yaliyopanda bei. Mtei akaona hakuna namna ila kuelewana na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, na kushusha thamani ya shilingi. Mwalimu Nyerere akakataa katakata. Mtei angeweza kunyamaza akabaki na gari na bendera yake. Alijiuzulu, akaenda kulima kahawa Tengeru.

Sisemi Mwalimu hakuwa na hoja. Mwaka mpya wa 1980 aliwauliza mabalozi tangu lini IMF imekuwa wizara ya fedha ya dunia, na sijaona aliyemjibu vizuri. Serikali ya Mzee Mwinyi ilipotia saini mkataba na IMF mwaka 1986, masharti yaliuma. Lakini waziri anayeamini jambo, akashindwa kulipitisha, kisha akaachia ofisi, huyo kwetu ni adimu kuliko dola.

Kuna mwingine ambaye hatumtaji sana, Erwin Blumenthal, wa Benki Kuu ya Ujerumani Magharibi. Mwaka 1963 aliiandikia serikali ya Tanganyika ripoti kuhusu mfumo wetu wa fedha na mustakabali wake, miaka mitatu kabla hatujawa na benki kuu. Mwaka 1978 IMF ikampeleka Kinshasa akae ndani ya Benki Kuu ya Zaire, Kongo ya leo, azibe mianya. Alifunga mikopo ya vigogo, hata ya ndugu zake Rais Mobutu. Mwaka uliofuata aliondoka, na katika ripoti ya 1982 akawaeleza wadai wa Zaire waziwazi kwamba fedha zao hawatazipata. Sasa angalia kituko: IMF hiyohiyo iliyomtuma iliendelea kumkopesha Mobutu! Blumenthal aliweza kusema hapana kwa sababu pasipoti yake na pensheni yake vilikuwa Ujerumani. Ila waliomtuma hawakumsikiliza.

Nakiri kwamba kuwa na pa kwenda hakutoshi. Daudi Ballali alifika Benki Kuu yetu akitokea IMF, wasifu wa kung'aa, na ni katika uongozi wake ndipo shilingi bilioni 133 za EPA, akaunti ya madeni ya nje, zilipolipwa isivyostahili kwa kampuni 22. Rais Kikwete alitengua uteuzi wake Januari 2008. Mei mwaka huo akafariki Marekani bila kufikishwa mahakamani, na mengi akaenda nayo.

Labda ni vitu vidogo vinavyomtambulisha mtu. Patrick Njoroge, naye wa IMF, alipopewa ugavana wa Kenya mwaka 2015 alikataa jumba la serikali la Muthaiga na kuendelea kuishi na wenzake wa Opus Dei, jumuiya ya Kikatoliki. Wengi tulicheka. Mwaka uliofuata wabunge walipotaka sheria ya kuwekea riba ukomo, akaipinga hadharani. Ilipita hata hivyo, na ikafutwa 2019. Asiyelala kwenye jumba lako, utamtishia kumtoa wapi?

Mtei hakukaa kwenye kahawa muda mrefu. Mwaka 1982 tunamkuta Washington, mkurugenzi mtendaji katika IMF ileile, akiwakilisha kundi la nchi za Afrika, wakati Dar es Salaam bado inavutana na shirika hilo. Mwaka 1992 akaasisi Chadema. Babu, aliyekuwa mwana-CCM wa damu, hilo hakumsamehe kamwe, lakini noti yenye saini yake hakukubali tuiuze.