Toboeni hayo masanduku ya betri

Jumapili nilialikwa chakula cha mchana kwa shemeji yangu, nikaonyeshwa sanduku kabla sijaletewa hata maji ya kunawa. Sanduku la chuma, rangi ya buluu, bawaba nene, kufuli mbili, limefungwa kwa bolti kwenye sakafu ya chumba wanacholala watoto. Ndani kuna betri ya 100Ah (ampea-saa 100, yaani ampea moja kwa saa 100), aina ile ya kuongeza maji, na juu ya betri, kwenye rafu ndogo, imekaa inveta, kile chombo kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Mfuniko umezungushiwa mpira ukingoni ili vumbi lisiingie. Tundu la kupitisha waya lipo, lakini fundi amelijaza silikoni. Kazi safi kweli kweli. Mende akitaka kuingia humo itabidi aombe ufunguo.

"Mwalimu, hili mwizi ataliacha alivyolikuta," akaniambia.

Nikamuuliza, "Na gesi inatokea wapi, shemeji?"

Akacheka mpaka watoto wakaja kuangalia. "Gesi gani tena? Hii ni betri, si mtungi."

Tangu siku hiyo nayaona kila mahali. Hapa Arua, mkoa wa West Nile, Uganda, ukishika njia ya Rhino Camp, mafundi wa kuchomelea wameyapanga nje pamoja na mageti na vitanda vya deka: masanduku ya betri, saizi zote, yamezibwa pande zote kama yanakwenda kuhifadhi dhahabu. Na watu wananunua. Basi leo mnivumilie, kwa sababu nimekasirika na sitaki kukasirika peke yangu.

Kwanza niseme ninachokubali, tena shingo upande. Wizi upo. Betri ni mali inayobebeka kwenye boda usiku mmoja na kuuzwa asubuhi, na hakuna mtu wa kawaida anayeweza kununua nyingine mwezi huo huo. Na betri tunazihitaji. Gridi ya taifa ilipotufikia West Nile mwaka 2023 wengine tulidhani tumezizika, lakini umeme wetu una tabia ya kuondoka bila kuaga, na Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, nayo ikiisha saa tatu usiku ni giza tu. Kwa hiyo simlaumu mtu kwa kufungia betri yake. Namlaumu kwa kuiziba.

Tusikilizane hapa, maana ndipo penyewe. Betri ya asidi inapokaribia kujaa, umeme unaozidi kuingia haupati tena kazi kwenye zile bamba za risasi (madini, si ya bunduki), basi unaanza kuyavunja maji yaliyo kwenye asidi. Yakivunjika, yanatoa haidrojeni na oksijeni. Kwa betri ya volti 12 jambo hilo linapamba moto chaji ikipita volti 14.4 hivi. Haidrojeni huioni, huinusi, ni nyepesi kuliko hewa, na ikifika asilimia 4 tu ya hewa ya mahali ilipo, cheche moja inaweza kuilipua. Inabaki hatari mpaka asilimia 75, yaani ikishaanza haiachi upesi.

Sasa hesabu, kwa sababu shemeji aliniambia nimezoea kutisha wanafunzi. Kila ampea-saa moja unayoisukuma ndani ya betri iliyokwisha kujaa, seli zake sita kwa pamoja zinatoa haidrojeni lita 2.5 na ushee. Sanduku lake lina sentimita 60 kwa 40, kimo 50. Hizo ni lita 120. Toa nafasi ya betri na inveta, zinabaki lita 100 hivi. Asilimia 4 ya 100 ni lita 4. Ampea-saa mbili zinakufikisha huko na chenji inabaki. Chaja ya ampea 5 isiyojua kuacha itazimaliza kwa dakika 24. Humo humo ndani, juu kabisa ambako gesi nyepesi hukimbilia, mmeweka inveta ambayo kila umeme ukikatika na kurudi swichi yake ya ndani inalia "tik". Ile "tik" ni nini, jamani, kama si cheche? Na watoto wanne wamelala hatua mbili kutoka hapo.

Hesabu hiyo hiyo inanilazimisha kusema kitu ambacho wapenda kutisha watu hawakisemi. Chumba cha mita tatu kwa tatu, dari mita mbili na nusu, kina lita 22,500 za hewa. Kukifikisha kwenye asilimia 4 unahitaji lita 900 za haidrojeni, na betri moja ya nyumbani, hata ikichajiwa vibaya usiku kucha, haifiki karibu na hapo. Kwa hiyo aliyeweka betri wazi pembeni ya sebule, chini ya vile vidirisha vya hewa, yuko salama zaidi ya aliyelipa fundi amtengenezee sanduku. Ajabu ni kwamba tumetumia pesa kuongeza hatari. Gesi ile ile inayopotea chumbani bila kumdhuru mtu, tumeijengea nyumba yake ndogo, tukaipa na mtu wa kuwasha kiberiti.

Na vidirisha vya hewa vyenyewe mmevifanya nini? Mmevisokomeza magunia kwa sababu ya mbu. Najua mbu wa hapa, mimi pia naumwa. Wavu wa waya upo madukani na unapigiliwa kwa misumari minne. Ukishalitoa hilo gunia, utakuwa umesaidia pia siku ile mtu anapoingiza sigiri ndani kwa ajili ya baridi ya mvua, maana moshi wa mkaa usioonekana umemaliza watu wengi kuliko betri. Lakini hiyo ni makala nyingine.

Dawa ya sanduku ni drili. Safu ya matundu chini upande wa mbele, safu nyingine juu kabisa upande wa nyuma, hewa iingie chini na gesi itokee juu. Kama unaogopa panya, weka wavu kwa ndani. Ukitaka ufahari zaidi, toa bomba la plastiki kutoka sehemu ya juu ya sanduku lipande mpaka nje ya ukuta. Inveta itoke humo, ikae pembeni, isiwe juu ya betri, kwa sababu hata bila mlipuko ule mvuke wa asidi utazila waya zake polepole. Na kwa kuwa sanduku lenyewe ni chuma, bandika mpira mzito chini ya mfuniko. Siku mfuniko ukibonyea na kugusa ncha zote mbili za betri, utajua ampea mia kadhaa zinafanana na nini.

Nilimwambia fundi mmoja wa kuchomelea haya yote, kijana mpole tu. Akanijibu, "Mzee, mteja akiona tundu anasema kazi ni mbaya." Nilikosa la kumjibu, na bado sijalipata.

Kuna hii imani nyingine inayonichosha, kwamba betri "ikichemka" ndiyo imeshiba. Kwenye vile vibanda vya kuchajia utamwona mtu ameinama, ameweka sikio, anatabasamu: inachemka, chaji imeingia. Ndugu yangu, mapovu unayoyasikia ndiyo yale maji yanayovunjika. Mapovu kidogo mwishoni mwa chaji si tatizo kwa betri ya kuongeza maji, ila ikitokota saa nzima na mwili wake una joto la kuunguza kiganja, unaipika. Maji yanashuka, bamba zinabaki uchi, na baada ya msimu mmoja unarudi dukani kulalamika umeuziwa feki. Kawaida ni kuichaji kwa ampea kama asilimia 10 ya ukubwa wake, yaani 100Ah kwa ampea 10, na chaja iwe ile inayopunguza yenyewe ikishajaa. Tena hapa kwetu mabati yakipata jua la Februari, betri iliyo karibu na paa inazeeka mbio: inakadiriwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25 zinakata maisha yake nusu. Iwekeni chini, penye kivuli. Maji ya kuongeza ni yale ya betri yanayouzwa dukani. Ya kisima yana madini, yaacheni yapike maharage.

Halafu mafundi, mafundi wetu wapendwa, wanaopima betri kwa kugusisha waya kwenye ncha zote mbili waone cheche. Tena wanafanya hivyo betri ikiwa imetoka kwenye chaji dakika hiyo hiyo, vifuniko viko wazi, gesi bado inatoka, na uso umeinamishwa juu yake ili aone vizuri. Nimewahi kumwuliza mmoja kwa nini asinunue mita. Akasema mita inadanganya, cheche haidanganyi. Sawa. Mita ya bei ndogo kabisa ingemwambia kwamba betri iliyopumzika saa kadhaa ikionyesha volti 12.6 au 12.7 imejaa, na ikiwa 12.1 imebaki nusu. Cheche inamwambia tu kwamba bado ana macho. Na nyinyi wa nyumbani: vibano vya chaja vinafungwa kwanza kwenye betri ndipo unawasha ukutani, na kabla ya kuvitoa unazima ukutani. Mlipuko wa betri unaweza kuanzia kwenye kibano kilichochomolewa umeme ukiwa bado unapita.

"Lakini yangu imefungwa kabisa, haitoi kitu." Hiyo nimeiambiwa dukani na muuzaji aliyeongeza kwamba naweza hata kulala nayo. Nakubali, hizi zilizofungwa ni bora kwa ndani ya nyumba. Zinairudisha sehemu kubwa ya gesi kuwa maji tena, na kama una pesa nunua hiyo. Ila haijazibwa. Ina valvu, na ukiichaji kwa chaja ya kubahatisha presha inapanda, valvu inafunguka, gesi ile ile inatoka. Tofauti ni kwamba maji yaliyopotea huwezi kuyarudisha. Ukiona imevimba mbavu, imekwisha, usijaribu kuifufua. Na ukinusa yai viza chumbani, hiyo si haidrojeni, ni sumu nyingine inayotoka betri ikizidishiwa chaji au ikiharibika: zima ukutani, fungua madirisha, toa watu nje kwanza.

Mengine nayapitia haraka, ugali usipoe. Fyuzi iwekwe karibu na ncha ya chanya, si mwisho wa waya. Vua pete na saa ya chuma kabla ya kushika spana. Asidi ikikurukia machoni, maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, halafu hospitali. Usitie maziwa wala mafuta ya mtu yeyote. Ikimwagika sakafuni, nyunyizia magadi soda mpaka iache kutoa povu, kisha osha. Betri ya gari si ya kuendeshea taa usiku kucha, imetengenezwa kupiga stata tu, itakufa mapema. Watoto wasichezee ule unga mweupe unaoota kwenye ncha.

Ikifa, usikubali mnunuzi wa vyuma chakavu amwage asidi nyuma ya nyumba yako ili aibebe ikiwa nyepesi. Inatoka na risasi, na risasi haiondoki kwenye udongo. Ulizeni watu wa Owino Uhuru kule Mombasa, waliokaa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu mpaka mahakama mwaka 2020 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na kesi ikaendelea kuzunguka rufaani miaka mingine. Irudishe nzima dukani, imesimama wima, vifuniko vimekazwa, na udai wakupunguzie bei ya mpya. Risasi iliyomo wanaiuza kwa kilo, usiwape bure.