Kamera Itakayowaumbua Dagaa wa Kibirizi

Mwaka 1975, Steven Sasson, mhandisi wa Kodak, aliunda kamera ya kidijitali yenye uzito wa kilo 3.6, iliyochukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja isiyo na rangi kwenye kanda ya kaseti, na picha yenyewe ilikuwa ya nukta 10,000 tu. Leo mpwa wangu hapa Mwanga, Kigoma, ananitambia simu ya megapikseli 200, yaani nukta milioni 200, na kazi yake kubwa ni kupiga picha ugali na migebuka huku sisi wenye njaa tukiambiwa tusiguse kwanza.

Hayo nayavumilia. Ninachohofia ni huko tuendako, kwa sababu wataalamu hawa hawajui kusema basi. Nchini Chile wameshafunga kamera ya megapikseli 3,200, yenye ukubwa wa gari dogo, ingawa hiyo angalau inatazama nyota, ambazo hazidaiwi na mtu. Siku uwezo huo utakapoingia mfukoni, mwenye duka anayenidai ataielekeza kwangu nikiwa bado ng'ambo ya barabara, nayo itamsomea kwa sauti: noti moja ya elfu kumi, imekunjwa mara nne, imo ndani ya soksi ya kushoto.

Kule Kibirizi mambo yatakuwa mabaya zaidi. Mke wangu, ambaye hata bila mashine humvunja dagaa mmoja kichwa, akamnusa, kisha akamkazia macho muuzaji mpaka bei ishuke yenyewe, atapiga picha fungu zima na kuelezwa kwamba dagaa hawa walivuliwa kwa taa usiku wa kuamkia Jumanne kabla mwezi haujachomoza, wakaanikwa mchangani badala ya kwenye chanja, wakanyeshewa, na kwamba sehemu kubwa ya uzito huu ni mchanga wa ufukweni. Muuzaji naye hatakubali kuaibishwa mbele ya wateja. Atachomoa kamera yake, toleo jipya zaidi, itakayoapa kwamba mchanga huo ulitoka kwenye kikapu cha mama huyu. Mashine hizo mbili zitarushiana picha za juzi na za mwaka juzi, watu watajaa, nami nitasimama juani na mfuko mtupu nikingoja mboga, mpaka mojawapo igeuke na kuuliza huyu mzee anayechechemea ameficha nini kwenye soksi.