Mwaka wa kuinuliwa, sawa. Kwa kiasi gani, na lini?

Toka usiku wa mkesha wa mwaka mpya kila nikifungua stetasi za WhatsApp nakuta maneno yaleyale. "Huu ni mwaka wangu." "Mwaka wa kuinuliwa." "Mwaka wa kuvuka." Ndugu, marafiki, majirani wa Mwanga na Ujiji hapa Kigoma, wote tunavuka. Dua haina ubaya, nami niliitikia amina kwa moyo wote. Kinachoniuma ni kwamba ninyi watu mnajua kupanga. Mnapanga vizuri mno kila wiki kwenye kikundi, halafu mkirudi nyumbani kwenye maisha yenu wenyewe mnaacha.

Tazameni VICOBA, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa. Hisa ni shilingi ngapi, kila mtu anajua. Siku ya kukutana inajulikana, saa inajulikana, na ukichelewa unatoa faini hapohapo, hata uwe mama mkwe wa mwenyekiti. Sanduku lina kufuli tatu na funguo wanazo watu watatu tofauti. Mkopo unarudi lini na riba yake kiasi gani, hakuna anayebahatisha. Ndiyo maana mzunguko ukiisha tunagawana pesa ya kweli, mtu anaezeka nyumba, mwingine analipa ada. Hakuna kikundi kinachofika kwenye mgao kwa kutangaza tu kwamba mwaka huu tutainuka. Sasa inakuwaje mtu huyohuyo, akikaa na daftari lake mwenyewe, anaridhika na "nitaweka akiba" na "nitajitahidi"?

Kujitahidi bila kiasi ndiko kunakotumaliza, na si sisi peke yetu. Mwaka 1975 watafiti Latham na Baldes walichapisha habari za madereva wa malori ya magogo huko Oklahoma, Marekani. Madereva hao walipokuwa wakiambiwa wafanye kadiri wawezavyo, walikuwa wakipakia karibu asilimia 60 tu ya uzito ulioruhusiwa kisheria. Walipopewa lengo la asilimia 94, wakapanda hadi kupita 90, na hawakuongezewa mshahara. Malori yaleyale, watu walewale, kilichobadilika ni kwamba sasa walijua wanakwenda wapi.

Lakini lengo la kunakili kwenye simu nalo halitufai. Lile la "weka asilimia kumi ya mshahara kila mwisho wa mwezi" limeandikwa na mtu mwenye mshahara. Kigoma wengi wetu tunakula kwa ziwa, na ziwa linahesabu mwezi wake lenyewe. Kuna dada mmoja anaanika dagaa pale Kibirizi, alinionyesha mpango wake kwenye kurasa za nyuma za daftari la hesabu la mwanawe, karatasi zimeingia mafuta ya samaki pembeni. Anataka chanja mbili za kuanikia juu ya nguzo kabla ya Pasaka, kwa sababu dagaa wa chanja hana mchanga na mnunuzi hamteremshi bei. Ameandika nguzo ngapi, wavu kiasi gani, misumari, fundi. Chini yake ameandika hivi: wiki za giza elfu kumi, wiki za mbalamwezi sifuri.

Hiyo sifuri ndiyo iliyonifanya nimheshimu. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi mingi haitoki, na yeye hana cha kuanika. Angejiandikia elfu tano kila wiki angeshindwa wiki ya tatu tu, akasema malengo ni mambo ya wasomi. Yeye amepanga kukosa kabla hajakosa. Na Januari yote ameiwekea kiasi kidogo, maana kuna sare, madaftari na viatu vya shule, na mvua bado inanyesha, dagaa wanachelewa kukauka. Huo ndio mpango wa mtu anayejua anaishi wapi.

Mtanijibu kwamba ziwa halina mkataba na mtu. Nakubali, kwa shingo upande. Mwaka 2024 uvuvi ulifungwa Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, na miezi mitatu si mchezo kwa mtu wa dagaa. Hata hivyo aliyekuwa na kiasi na tarehe aliweza kukaa chini akaona amebakiza ngapi, asogeze nini mbele, aache nini. Aliyekuwa na "mwaka wangu" asogeze nini?

Mambo ya afya nayo ni hayohayo: taja siku utakazotembea kwa miguu Mwanga hadi Ujiji. Kupatana na ndugu uliyenuniana naye hakuna kiasi, sawa, lakini siku ya kumpigia simu ipo.

Mimi nimeshaomba kipengele kimoja kwenye ajenda ya kikao chetu cha kwanza cha mwaka. Kila mwanachama ataje lengo lake moja, kiasi chake na tarehe yake, katibu aandike, na tulisome tena katikati ya mzunguko. Mwenyekiti ameafiki. Wenzetu wawili wamepinga, wanasema mipango ya mtu ni siri yake. Madeni ya kila mmoja wetu yanasomwa kwa sauti mbele ya wote kila wiki na hakuna aliyewahi kulalamika, kwa hiyo hoja hiyo siikubali, na kikaoni nitaipinga.