Nimeshona Athi River, nimeshona Leicester, na mwenye lebo sijawahi kumuona

Kila nikiandika kitu kuhusu kazi huku Uingereza lazima mtu ataniambia "dada wewe ushafika, huko kuna sheria, sisi huku ndio tunaumia." Sheria zipo, sikatai. Lakini kuna kitu sijawahi kuambia hata watu wa kwetu maana niliona aibu, ni kwamba kazi yangu ya kwanza nilipofika Leicester 2018 ilikuwa cherehani, ile ile niliyoikimbia Athi River kule Kenya, na malipo ni kama pauni nne kwa saa.

Mwaka huo kima cha chini kwa mwenye miaka 25 na zaidi hapa kilikuwa pauni 7.83. Sikujua, na hata ningejua sidhani ningeuliza, kwa sababu mgeni akili yake bado inahesabu kwa shilingi, nikapiga nne mara mia na thelathini nikapata 520, kwa saa moja jamani, pesa ambayo kule EPZ, vile viwanda vya kushonea nchi za nje, ilikuwa inanichukua siku nzima na bado supavaiza ananifokea juu ya kichwa. Nikaona nimeomoka. Halafu makaratasi yalikuwa safi kabisa, karatasi ya mshahara inaandika nimefanya saa 16 kwa bei halali ya serikali, wakati nimekaa kwenye mashine saa 32. Akija mtu wa kodi anaona nini? Anaona mama wa kibarua cha nusu wiki, kila kitu kimenyooka.

Kiwanda chenyewe kilikuwa ghorofa ya pili kwenye jengo la zamani la matofali mtaa wa North Evington, ngazi nyembamba, marobota ya kitambaa yamejazwa hadi mbele ya mlango wa dharura. Tulikuwa tunashona gauni za kuuzwa mtandaoni, bei yake ni kama sahani ya samaki na chipsi. Na kule ndani, amini usiamini, nikakuta Kiswahili. Bibi mmoja Mhindi aliyekuwa anakata nyuzi alizaliwa Jinja, wakafukuzwa na Amin 1972, na alikuwa anapenda kunisimulia vile halmashauri ya Leicester iliweka tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije hapa, mji umejaa. Anacheka, "binti, sisi tulisoma hilo tangazo ndio tukajua kuna mji unaitwa Leicester." Yeye alishona enzi ambazo viwanda vilikuwa vikubwa na chama cha wafanyakazi kina nguvu, na aliniambia kazi ilianza kuharibika pale wenye oda walipoanza kuja na bei yao mfukoni, ukikataa wanavuka barabara kwa jirani.

Hilo la bei ndilo limenikaa kichwani.

Athi River nilikuwa naweka mifuko ya nyuma ya jinzi, tageti 90 kwa saa. Tulikuwa na siku inayoitwa ya wageni. Wageni ni wale maodita wanaotumwa kwa niaba ya kampuni za nguo za Marekani, na siku moja kabla utaona miujiza, sabuni chooni, makufuli yametolewa milangoni, barakoa mpya, halafu tunapangwa cha kujibu, ovataimu mnalipwa? tunalipwa, mnaruhusiwa kwenda haja? tunaruhusiwa. Wageni wakiondoka sabuni inaondoka nyuma yao. Tulikuwa tunamlaani tajiri wa kiwanda, na alistahili yule, simtetei. Lakini nikifikiria sasa, tageti ilikuwa inapanda lini? Ilikuwa inapanda pale oda inakuja kwa bei ya chini kuliko ya msimu uliopita na tarehe ya meli imeletwa karibu zaidi. Aliyeamua hayo hakuwa Athi River, ni mwenye lebo, yaani kampuni yenye jina lake kwenye jinzi, na hakuna mkaguzi hata mmoja aliyewahi kumuuliza yeye anakiachia kiwanda kiasi gani kwa kila suruali.

Sasa turudi huku kwenye sheria. Uingereza ina sheria ya utumwa mamboleo ya 2015, na kampuni yenye mauzo ya pauni milioni 36 na kuendelea lazima kila mwaka itoe taarifa ya hatua ilizochukua. Nikaenda kuisoma kidogo kidogo kwa simu, nikacheka peke yangu kwenye basi, maana sheria inaruhusu kampuni iandike kwamba haikuchukua hatua yoyote. Ukishaandika hivyo umetii. Ni kama mwalimu akuulize homuweki, uandike kwa mwandiko mzuri "sikufanya," akupe tiki.

Wengi mnakumbuka Julai 2020, mwandishi wa gazeti la Sunday Times aliingia kiwanda kimoja cha hapa Leicester akajifanya mfanyakazi, akaambiwa atalipwa pauni 3.50 kwa saa, nguo zikiwa na lebo ya kundi la Boohoo, wauzaji wa nguo mtandaoni. Kampuni yenyewe ikamteua wakili Alison Levitt achunguze, na Septemba akasema madai ya mishahara na mazingira mabaya kwa kiasi kikubwa ni kweli. 2022 wakafungua kiwanda chao cha mfano barabara ya Thurmaston Lane, mapicha kibao, 2024 kikafungwa. Huku mitaani oda zilihamia nchi zingine na vile viwanda vikaanza kuzima taa kimoja kimoja. Wanawake niliofanya nao kazi, sasa hata hizo pauni nne hawana.

Ndio maana mtu wa nyumbani akiniambia "mkiweka sheria kali hizo kampuni zitatuhama, EPZ itakufa," namuelewa kabisa, AGOA yenyewe, ule mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, tangu 2000 imetufundisha kuishi roho juu. Ila Leicester walihama bila sheria mpya yoyote. Wanaenda wanapotaka wakati wowote, na sheria ikishika kiwanda peke yake ndiyo inawafukuza haraka zaidi, kwa hiyo mimi nataka imshike yeye mwenye lebo, popote nguo iliposhonwa. California wameshafanya, tangu Januari 2022 kulipa kwa kipande kumepigwa marufuku kwenye ushonaji, na fundi asipolipwa kampuni iliyotoa oda inadaiwa pamoja na kiwanda. Bangladesh nako, baada ya jengo la viwanda vya nguo la Rana Plaza kuporomoka Aprili 2013 na watu zaidi ya 1,100 kufa, jengo ambalo nyufa zilionekana jana yake, benki ya chini ikafunga, washonaji wakalazimishwa kupanda juu, kampuni zaidi ya 200 zilisaini mkataba unaowabana kisheria kuhusu usalama wa majengo. Lesotho 2019 Levi's na wenzao walisaini mkataba kuhusu unyanyasaji wa kingono viwandani, kiwanda kikikataa kinakosa oda. Ulaya walipitisha sheria yao ya kuziwajibisha kampuni kubwa kwa yanayotendeka kwa wanaowazalishia 2024, mwaka uliofuata tayari wanaipunguza, sitii neno.

Na kinachoniuma ni kwamba hapa hapa Uingereza wanajua namna. Kwenye chakula kuna msimamizi tangu 2013 anayeangalia supamaketi kubwa zisimnyanyase anayewauzia, kubadilisha bei katikati, kurudisha mzigo, na anaweza kuwatoza faini hadi asilimia 1 ya mauzo yao ya Uingereza. Yaani Mkenya anayewauzia mishiri, yale maharagwe mabichi, moja kwa moja ana pa kupeleka malalamiko, anayewauzia jinzi hana. Korona ilipoingia 2020 oda za zaidi ya dola bilioni 3 zilisitishwa au kufutwa Bangladesh peke yake, zingine zishashonwa ziko kwenye katoni, na hakuna ofisi ya kwenda kugonga. Wabunge wengine hapa wamependekeza msimamizi kama huyo wa nguo, bado ni maneno.

Mimi cherehani niliacha, siku hizi natunza wazee, mgongo unauma lakini saa zangu zinaandikwa zote. Juzi nilimtumia rafiki yangu wa zamani, bado yuko Athi River, sauti ndefu ya dakika sita nikimweleza mambo haya yote ya sheria. Akanijibu usiku akitoka kazini, amechoka, anatembea kuelekea Mlolongo nasikia malori yanapita. "Sawa mama nanii, nimesikiliza. Ngoja nilale mapema, leo wametuwekea sabuni."